Mwaka wa sita tunaishi ndani ya gari-nyumba: raha zake, tabu zake, na maji yaliyokaribia kutuhamisha

Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Karibu kila wiki hapa jukwaani mtu anauliza kama inawezekana kuhamia moja kwa moja kwenye gari-nyumba, na kila mara wanaomjibu ni watu waliokaa humo likizo ya siku kumi. Mimi na mume wangu tuko mwaka wa sita, na hatuna nyumba nyingine. Kitanda, nguo, vyeti na kazi zetu zote vimo ndani ya gari lenye urefu wa mita saba. Asubuhi hii naandika nikiwa kwenye kiti cha abiria, nimekigeuza kinatazama jikoni. Nitaushusha uzi kwa vipande. Maswali ulizeni katikati, sina haraka.

Kwa wasiolifahamu: gari-nyumba lina injini yake, na nyuma ya dereva kuna kitanda, jiko la gesi, friji, sinki, choo na bafu. Ile isiyo na injini, inayovutwa na gari jingine, ndiyo karavani. Mengi nitakayosema yanazihusu zote mbili.

Niseme mapema ninachokiamini. Watu wanauliza sana kuhusu wezi, upweke na intaneti. Hayo yapo. Lakini wenzetu tuliowaona wakiuza gari na kurudi walikotoka, wengi walishindwa na maji: maji ya kubeba, maji ya kumwaga, na maji yanayoingia bila kubisha hodi.

Maji ya kubeba na ya kumwaga

Gari letu lina matangi matatu. La maji safi ni lita 110, la maji yaliyotumika sinki na bafuni ni lita 90, na la tatu ni la choo. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo tangi safi likijaa tumepakia kilo 110 ambazo zinatikisika kila unapokanyaga breki. Ndiyo maana tukijua tunakokwenda kuna bomba, tunasafiri na maji robo tangi tu na kujaza tukifika.

Uzito ulitushtua mwanzoni. Kila gari lina kibandiko au kibati kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, na hesabu yake inajumuisha watu, maji, gesi, nguo, kila kitu. Wiki ya pili tulipita kwenye mizani tukakuta tumezidisha kilo 140. Tulisimama pembeni tukatandika turubai chini, tukaanza kutoa: sufuria za chuma, vitabu, seti mbili za vyombo, jenereta la akiba. Mume wangu alishika kila kitabu mkononi kama anakipima kabla ya kukiweka kwenye boksi la kugawa. Hatujawahi kuvihitaji tena isipokuwa kitabu kimoja.

Kuoga kuna utaratibu wake: unalowa, unafunga koki, unajipaka sabuni, unafungua tena kusuuza. Mimi natumia lita sita, saba nikiosha nywele. Tangi linatufikisha siku nne, tano tukijibana. Nyumba ya kawaida sikuwahi kujua natumia maji kiasi gani. Sasa najua hadi yanayopotea nikisubiri ya moto yafike, na hayo nayakinga kwenye jagi kwa ajili ya vyombo.

Upande wa choo, kosa letu la kwanza lilikuwa kubwa. Tulikuwa tumeegesha mahali penye shimo la maji taka, tukaunganisha bomba na kuiacha koki ya tangi wazi mfululizo, tukidhani tumejirahisishia kazi. Kumbe koki ikiwa wazi maji yanatoka yote na kigumu kinabaki. Kinarundikana chini ya kiti cha choo na kukauka kama udongo. Baada ya majuma matatu choo hakipokei kitu, na hewa ndani ya gari haivutiki. Ilituchukua siku mbili za kujaza maji, kuendesha gari ili yasukesuke, kumwaga, na kurudia.

Kwa hiyo shikeni hili: koki ya choo inakaa imefungwa mpaka tangi lijae zaidi ya nusu, na kila mara unaweka maji mengi. Siku ya kumwaga unaanza na tangi la choo, kisha unafungua la maji ya sabuni ili lioshe bomba. Glovu ni lazima. Mpira wa kusuuzia bomba la choo usikaribie kabisa mpira wa kujazia maji ya kunywa. Wetu una rangi tofauti na unakaa boksi tofauti.

Mchangiaji

Dada, asante kwa uwazi. Na umeme? Mimi kazi yangu ni ya kompyuta kutwa nzima. Sola inatosha?

Mleta mada

Inatosha, ukishajua hesabu. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 100 inabeba takriban wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya zamani ya risasi na asidi, usiishushe chini ya nusu, la sivyo unaiua mapema, kwa hiyo umebaki na 600. Ya lithiamu unaweza kuitumia karibu yote, lakini haitakiwi kuchajiwa ikiwa joto lake limeshuka chini ya nyuzi 0. Nyingi zina kinga ndani inayokata chaji yenyewe, ila hakikisha kabla ya kununua.

Kompyuta mpakato haitakusumbua. Kinachomaliza betri ni kitu chochote kinachotoa joto. Birika la umeme la wati 1,500 likichemsha dakika tano limekula wati-saa 125, yaani zaidi ya asilimia kumi ya betri nzima ya lithiamu kwa vikombe vichache. Sisi tunachemshia gesi. Kiyoyozi usikifikirie bila umeme wa kuchomeka au betri nyingi sana.

Jambo moja sikulielewa mpaka nilipoliona kwenye skrini: kivuli cha tawi moja kwenye paneli kinaweza kukata sehemu kubwa ya umeme wake, siyo kile kipande kilichofunikwa tu. Kwa hiyo unajikuta unachagua: uegeshe chini ya mti upate ubaridi, au juani upate chaji. Tuna paneli moja ya mkononi yenye waya mrefu. Gari linakaa kivulini, paneli inakaa juani, na mimi natoka mara tatu kwa siku kuigeuza ifuate jua.

Na kama friji lako ni lile linalotumia gesi, nunua pima maji ya fundi seremala uiweke juu yake. Friji hizo hazina pampu. Kimiminika cha ndani kinazunguka kwa uzito wake, gari likiinama muda mrefu hakizunguki, na kipozeo kinaharibika moja kwa moja.

Mchangiaji

Umesema maji yanayoingia bila kubisha hodi. Hapo ndipo nimekaa nasubiri.

Mleta mada

Nimekiacha hiki makusudi mpaka nipate utulivu wa kukiandika.

Ilikuwa mwaka wa pili, baada ya wiki mbili za mvua mfululizo. Niliamka usiku nikasikia harufu ya majani yaliyolowa ndani ya kabati la nguo. Nikapapasa: nguo kavu, rafu kavu. Nikalala. Siku ya tatu harufu ikazidi. Nikatoa kila kitu, nikawasha tochi, nikaona kona ya juu ukuta umebadilika rangi kidogo, kama mtu amepitisha kitambaa cha chai. Nikabonyeza na kidole gumba kujaribu, kidole kikaingia. Hakukuwa na sauti ya kuvunjika. Kiliingia kama kwenye mkate, nikakichomoa kikiwa na unyuzinyuzi wa mbao nyeusi.

Kuta za magari haya mengi ni tabaka: ngozi nyembamba ya nje, povu la kuzuia joto, fremu ya mbao, na plaiwudi ndani. Tone likipata njia halidondoki mbele ya macho yako. Linateleza katikati ya tabaka, mbao zinalinywa, na ukija kuliona doa ujue uozo una miezi, pengine zaidi ya mwaka.

Chanzo kilikuwa paani, pembeni ya kidirisha cha hewa. Mwaka uliotangulia tulimpa fundi kazi ya kuziba ufa mdogo pale, akaziba kwa silikoni ya kawaida ya bafuni. Ilikuwa na sura nzuri, nyeupe, laini. Lakini silikoni ya aina hiyo haishikamani vizuri na mipira ya paa la gari, ikianza kuachia inaachia kimyakimya, na mbaya zaidi hakuna kitu kingine kinachoshika juu yake. Lazima uikwangue yote ndipo upake gundi maalum ya paa. Simtaji fundi wala gereji, ila sijawahi kumruhusu mtu mwingine apande juu ya paa letu tangu siku ile bila mimi kuwepo na kuuliza anapaka nini.

Marekebisho yalichukua wiki tano. Na hapa ndipo nilipoielewa tofauti ya maisha haya na mengine yote. Bomba likipasuka kwenye nyumba, fundi anakuja. Hapa nyumba yenyewe ndiyo inayokwenda kwa fundi, na wewe unabaki barabarani na begi. Tulilala wiki mbili kwenye hema nyuma ya ua wa gereji, tatu zilizobaki sebuleni kwa shemeji yangu. Nilikuwa naiona nyumba yangu imevuliwa ukuta, kitanda chetu kinaonekana na kila anayepita. Nililia siku ile, sioni haya kusema.

Tangu hapo, kila miezi mitatu napanda ngazi na tochi na kitambaa. Napitia kila kiungo, kila skrubu, kila dirisha la paani. Natafuta nyufa ndogo, mahali gundi imeinuka ukingo. Kazi ya dakika arobaini. Ndani tuna kipima unyevu chenye sindano mbili, napima kona nane na kuandika namba kwenye daftari, ili nikiona moja inapanda nijue kabla pua haijajua.

Mchangiaji

Aisee. Sisi kwetu halivuji ila asubuhi vioo vinatiririka maji na godoro limeota ukungu chini. Hilo nalo ni paa?

Mleta mada

Hapana mkuu, hayo mnayatengeneza wenyewe. Watu wawili wakilala kwenye chumba kidogo pumzi zao zinatoa maji usiku kucha. Ongeza kupika na kuoga. Na kama mnajipasha kwa hita ya gesi isiyo na bomba la kutoa moshi nje, kila kilo ya gesi ya propeni inayoungua inazaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na yote yanabaki ndani mwenu. Hewa yenye mvuke ikigusa kitu cha baridi inageuka tone: kioo, fremu ya chuma, upande wa chini wa godoro.

Hita hiyo acheni leo, na si kwa sababu ya ukungu tu. Inakula hewa mnayovuta na inaweza kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Kengele yake iwekwe karibu na mnapolala. Kengele ya gesi ya kupikia iwekwe chini karibu na sakafu, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na inatuama chini.

Kuhusu ukungu: pikeni na kidirisha cha paani kikiwa wazi hata kama kuna baridi. Lalani na upenyo wa hewa. Godoro liinuliwe kwa chaga, hewa ipite chini yake, na asubuhi mligeuzie ukutani kwa nusu saa. Sisi tulipoweka chaga tatizo lilikwisha ndani ya mwezi.

Mchangiaji

Dada, hebu tuambie ukweli kuhusu kuishi wawili humo. Mke wangu ndiye anayesita.

Mleta mada

Ana haki ya kusita, mkuu, msikilize vizuri.

Katika nyumba ya kawaida mkikosana mmoja anakwenda chumba kingine, hasira inapoa. Humu hakuna chumba kingine. Mmoja akisimama kupika, mwingine hapiti. Miezi minane ya kwanza tuligombana kwa vitu ambavyo nikikutajia utashangaa: droo iliyoachwa wazi, kiatu mlangoni, mtu kuongea na simu mwenzake anasoma. Halafu kuna ile ya kurudisha gari nyuma. Mimi nje naelekeza kwa mikono, yeye hanioni kwenye kioo, gari linakaribia mti, sauti zinapanda mbele ya majirani wapya ambao hata hatujawasalimia.

Kilichotusaidia ni makubaliano ya wazi. Saa moja ya kwanza ya asubuhi hakuna anayemsemesha mwenzake, hata kama bega linagusa bega. Anayehisi anajaa anasema "natoka", na hakuna kuulizwa unakwenda wapi. Kurudisha gari nyuma tunatumia simu, sauti ya kawaida, maneno manne tu: kushoto, kulia, taratibu, simama. Na kila mmoja ana kabati moja ambalo mwenzake halifungui. Ni dogo, sentimita arobaini kwa hamsini, lakini ni lake.

Leo namjua mume wangu kuliko nilivyomjua miaka kumi na moja tuliyokaa kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Najua kwa jinsi anavyoshusha kikombe kama kazi yake imekwenda vibaya.

Mchangiaji

Makaratasi je? Bila anwani si unageuka mtu asiyejulikana?

Mleta mada

Hilo lichukulie kwa uzito kabla ya kuhama. Benki, bima, leseni, hospitali na kura vyote vinauliza unakaa wapi. Kila nchi ina sheria zake. Marekani, kwa mfano, wengi wanaoishi hivi hujiandikisha South Dakota, Texas au Florida, majimbo ambayo hayatozi kodi ya mapato ya jimbo, na barua zao hupokelewa huko na kutumwa walipo. Huko huko, kwenye ardhi nyingi ya umma chini ya BLM, shirika la serikali linalosimamia ardhi, unaweza kukaa bure, ila kwa kawaida si zaidi ya siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha unasogea. Kwingine kulala ndani ya gari kandokando ya barabara ni kosa. Uliza kabla hujafika, usisubiri kugongewa dirisha saa nane usiku.

Bima soma hadi herufi ndogo. Bima nyingi za magari haya zimeandikwa kwa mtu wa likizo, na ukiwaficha kwamba unaishi humo mwaka mzima wanaweza kukataa kulipa.

Na tairi, kwa kuwa hakuna aliyeuliza: usizitazame kashata zake tu. Magari haya yanaegeshwa juani muda mrefu, tairi zinazeeka zikiwa na kashata nzuri. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Sisi zikifika miaka sita tunabadilisha, hata kama zinang'aa.

Mchangiaji

Mpaka hapa umeandika tabu tupu. Mbona hamrudi?

Mleta mada

Kwa sababu ya mama yangu, kama nikiambiwa nitaje sababu moja.

Mwaka wa nne aliugua. Yuko mbali, na ningekuwa na nyumba ningeomba ruhusa ya wiki moja, nilale kwenye kochi la mtu, nirudi nikiwa na wasiwasi. Tulichofanya ni kufunga makabati, kuondoa mawe ya kuzuia tairi, na siku ya tatu tukawa tumeegesha ukutani kwake. Tulikaa miezi minne. Nilikuwa namwamsha, namwogesha, namlisha, nikichoka natembea hatua ishirini nafika kwangu, nalala kwenye mto wangu. Hakuna aliyempisha mtu chumba. Alipopata nguvu akawa anakuja jioni na fimbo yake, anakaa kwenye ngazi ya mlango wetu, anasema nyumba hii ina adabu, imekuja yenyewe kumsalimia.

Mengine ni madogo na ya kila siku. Usafi wa nyumba nzima ni dakika ishirini. Mvua ikipiga paa jembamba vile, sasa ninapojua haiingii ndani, ndiyo sauti ninayoipenda kuliko zote. Jirani akiwa na kelele, tunaondoka. Kukiwa na joto kali tunapanda milimani, baridi ikija tunashuka. Mlango ukifunguliwa uko nje moja kwa moja, hakuna korido wala geti, mguu wa kwanza umekanyaga majani yenye umande. Nimejifunza mwezi unachomoza wapi. Zamani nilikuwa sijui hata uko upande gani wa anga.

Mchangiaji

Basi nimeshawishika. Niuze nyumba nianze?

Mleta mada

Usiuze, ndugu yangu. Ukiweza, ipangishe mwaka mzima kwanza. Kabla hata ya hapo, kodi gari-nyumba wiki tatu, na uchague msimu wa mvua, si wa jua. Nenda nalo na kazi yako, na mkeo, na mzigo wa nguo chafu. Kalale mahali pasipo na bomba wala umeme siku nne mfululizo.

Ukienda kununua lililotumika, nenda siku iliyonyesha. Ingia, funga mlango, nyamaza dakika mbili unuse. Fungua kila kabati la juu, pitisha kiganja kwenye kona zote, bonyeza sakafu kwa kisigino karibu na mlango, choo na chini ya madirisha. Ikibonyea, ondoka hata kama bei ni ya kutupa. Panda juu uone paa kwa macho yako, na ukikuta silikoni nyeupe inayong'aa pembeni ya kidirisha, muulize muuzaji aliipaka lini na kwa nini.

Kesho alfajiri tunahama, tunakokwenda mtandao ni wa kuchungulia. Yule aliyeniuliza pembeni urefu wa chaga na nafasi kati ya mbao, nitapima jioni hii kabla hatujatandika na kukuwekea vipimo hapa.